Bi. Mackay Aliona Nini? Uchambuzi wa Kisa cha Dude la Loch Ness

Mwezi Aprili 1933 gari moja lilikuwa likipita kando ya Loch Ness, ziwa refu na jembamba la kaskazini mwa Uskoti. Ndani walikuwamo mume na mke walioendesha hoteli katika kijiji cha Drumnadrochit. Mume alishika usukani, macho barabarani. Mke, Aldie Mackay, alikuwa akitazama maji yaliyotulia tuli. Mara akaona maji yanachafuka mbali kule. Wazo lake la kwanza, kwa maelezo aliyoyatoa baadaye, lilikuwa bata wawili wanaopigana. Kisha akaona kitu cheusi kikibiringika, kikiibuka na kuzama kama nyangumi, na maji yakitokota pembeni mwake. Akapiga kelele mumewe asimamishe gari. Mume alipotazama, hakuona kitu ila mawimbi.

Yangeweza kuishia hapo, yawe maneno ya mezani siku mbili tatu kisha yasahaulike. Lakini habari ilimfikia Alex Campbell wa Fort Augustus, mlinzi wa uvuvi ambaye pia alikuwa akiliandikia gazeti la Inverness Courier. Mei 2 gazeti likaichapa. Husimuliwa kwamba mhariri wake, Evan Barron, ndiye aliyeamua neno la kutumia: kama kweli kiumbe ni kikubwa kiasi hicho, haitoshi kukiita kiumbe, na kiitwe dude.

Siku chache baadaye likaja jibu ambalo leo ni wachache wanaolikumbuka. Nahodha John Macdonald, mtu wa meli za abiria, aliliandikia gazeti hilohilo kwamba amesafiri ziwani humo kwa miaka 50, safari zisizopungua 20,000, na hajawahi kuona dude lolote. Alichokiona, tena mara nyingi, ni samaki aina ya samoni wakicheza na kurukaruka juu ya maji, na kwake habari ya yule mama haikuwa na lolote zaidi ya hilo. Hakuna aliyemjali. Nahodha alikuwa na safari 20,000, lakini hakuwa na hadithi.

Sitauliza kama dude lipo au halipo. Swali hilo limekula karatasi nyingi na linawagawa watu kama mechi ya Simba na Yanga. Nitauliza lile ambalo nahodha alilijibu bila kuulizwa: mtu fulani, siku fulani, akiwa mahali fulani, aliona nini? Ukiuliza hivyo, dude moja linavunjika vipandevipande, na kila kipande kina jina lake la kawaida.

Tuanze na ziwa lenyewe. Lina urefu wa kilomita 37 hivi, upana wa kilomita moja na nusu kwa sehemu kubwa, na kina kinachofikia takribani mita 230. Limelala juu ya ufa mkubwa wa ardhi unaoikata Uskoti kutoka kusini-magharibi hadi kaskazini-mashariki, ufa ambao barafu ya zama za kale iliuchonga ukazidi kuwa mtaro. Kwa aliyezoea Tanganyika yenye kina cha mita 1,470 hilo ni dimbwi, lakini kwa Waingereza si dogo: maji yake yanazidi ya maziwa yote ya England na Wales yakijumlishwa. Maji hayo ni meusi. Mvua inayonyesha kwenye vilima hupita katika udongo wa mimea iliyooza, nayo huingia ziwani ikiwa na rangi ya chai ya rangi. Mpiga mbizi akishuka mita chache tu, mwanga umekwisha. Pande zote mbili milima imesimama wima, na ukiwa barabarani unatazama maji kutoka juu bila kitu cha kulinganishia ukubwa. Kitu cheusi kikielea kule, huna njia ya kujua kama ni ndege aliye mita 200 au mnyama aliye kilomita moja.

Watu wa huko walikuwa na hadithi zao za majini tangu zamani. Walisimuliana habari za kelpie, farasi wa majini anayejitokeza kando ya mto akiwa mpole na mzuri; mtoto akimpanda, anazamishwa naye. Msomaji aliyelelewa karibu na bahari au ziwa hapa kwetu hahitaji kuelezwa zaidi. Huyo ni chunusi mwenye kwato. Kazi yake ni ileile aliyopewa chunusi na mama zetu: mtoto asiende kuogelea peke yake. Hadithi ya namna hiyo inasema kuhusu vifo vya watoto majini, na vifo hivyo ni vya kweli. Haihitaji mnyama wa kuitetea.

Kuna pia kisa cha Mtakatifu Columba, ambacho kila kitabu cha dude hukitanguliza kama ushahidi wa miaka 1,400. Inasemekana mwaka 565 hivi mtakatifu huyo alimfukuza mnyama aliyekuwa ameua mtu. Lakini kisa kiliandikwa na Adomnán takribani karne moja baadaye, kinataja Mto Ness na si ziwa, na maisha ya watakatifu wa zama zile yamejaa wanyama wakali wanaotii ishara ya msalaba. Anayekitumia kama taarifa ya mashuhuda ananunua gunia bila kulifungua.

Kwa nini basi 1933 na si 1833? Miaka hiyo barabara ya upande wa kaskazini wa ziwa ilikuwa inajengwa upya na kupanuliwa. Miti ilikatwa, miamba ikalipuliwa, na kwa mara ya kwanza wageni wenye magari wakaweza kupita kilomita nyingi wakiwa wanaliona ziwa wazi. Macho yakawa mengi, na mengi kati ya hayo hayakuwa yamezoea maji yale. Baharia kama Macdonald alijua mawimbi ya Ness kama mkulima anavyoyajua mawingu yake. Mgeni kutoka London hakujua.

Julai mwaka huohuo mgeni mmoja wa London, George Spicer, alisema ameona kitu chenye shingo ndefu kikivuka barabara mbele ya gari lake. Hapa ndipo shingo ndefu ilipoingia rasmi. Dude la Bi. Mackay halikuwa na shingo. Katika barua yake ya kwanza Spicer alikadiria urefu wa futi 6 hadi 8. Alipohojiwa baadaye, futi zikawa 25, kisha 30. Sisemi alidanganya. Kumbukumbu ya kitu cha kushtusha haikai kabatini ikisubiri; kila inaposimuliwa hupikwa upya, na wasikilizaji nao hutia chumvi yao. Pia mwaka huo sinema ya King Kong ilikuwa inaonyeshwa London, ikiwa na mnyama wa kale mwenye shingo ndefu anayetoka majini, na Spicer mwenyewe alikiri kuwa ameiona. Futi 6 hadi 8 za mwanzo zinatosha kabisa kwa fisi maji wawili watatu wanaovuka barabara kwa kufuatana, mkia wa mmoja pua ya mwenzake, mbele ya kioo cha gari siku ya joto. Kwangu mimi futi hizo nane zina thamani kuliko thelathini, kwa sababu zilikuja kwanza.

Waswahili husema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Pale Ness lilikuja, na lilitoka kwetu Afrika.

Desemba 1933 gazeti la Daily Mail lilimwajiri Marmaduke Wetherell, mwindaji wa wanyama wakubwa na mtu wa sinema, ambaye mwaka 1925 alikuwa ameigiza kama David Livingstone katika filamu bubu. Alitumwa kumsaka mnyama. Hazikupita siku nyingi akagundua nyayo kubwa ufukoni, mbichi kabisa. Zikachukuliwa kwa plasta na kupelekwa kwenye makumbusho ya viumbe ya London. Januari 1934 wataalamu wakatoa jibu: ni nyayo za kiboko, tena zote za mguu mmoja uleule. Ilikuwa alama ya mguu uliokaushwa, wa aina ambayo wawindaji wa kikoloni waliipenda kama pambo la nyumbani, la kusimikia miavuli au kutilia majivu ya sigara. Kiboko wa watu aliuawa Afrika, mguu wake ukaishia kuchapa matope ya Uskoti. Ukitaka kujua enzi ile ilikuwa ya namna gani, huo mguu unakutosha.

Wetherell alifedheheka, na gazeti likamtema. Kisha, Aprili 21, 1934, gazeti lilelile likachapa picha ambayo dunia nzima inaijua: kichwa kidogo juu ya shingo iliyopinda kama mkonga, maji yenye viwimbi kote. Ilitolewa kwa jina la daktari wa London, Robert Kenneth Wilson, na heshima ya udaktari ikaifanya iaminike kwa miaka 60. Ukweli ulitoka kwa Christian Spurling, mtoto wa kambo wa Wetherell, alipokuwa mzee anayekaribia kufa. Ulitangazwa mwaka 1994. Ilikuwa nyambizi ya kuchezea watoto, iliyonunuliwa dukani, ikabandikwa kichwa na shingo ya kufinyangwa. Kimo chake juu ya maji kilikuwa kama sentimita 30. Daktari alitumika tu kuipeleka. Ulikuwa mpango wa kulipiza kisasi kwa gazeti. Picha kamili, kabla haijakatwa pembezoni, inaonyesha maji mengi yaliyoizunguka, na ukiitazama hiyo unaona mara moja kwamba viwimbi ni vikubwa mno kwa dude la mita kadhaa. Waliochapa walikata pembezoni, na ukubwa ukaja wenyewe.

Uongo, hata hivyo, ni sehemu ndogo ya kisa hiki, na wachambuzi wengi huupa nafasi kubwa kuliko inavyostahili kwa sababu ni mtamu kusimulia. Waliosema wameona kitu Loch Ness ni watu wengi sana, na wengi wao hawakuwa na gazeti la kulipiza kisasi. Walikuwa wavuvi, makasisi, madereva, watalii waliosimama kula mkate. Waliona kitu. Mjanja mkubwa hapa ni maji yenyewe.

Chukua mawimbi ya meli. Loch Ness ni sehemu ya Mfereji wa Caledonian, uliofunguliwa mwaka 1822 kuunganisha bahari za pande mbili za Uskoti, kwa hiyo meli na boti hupita humo mwaka mzima. Chombo kikipita, huacha nyuma mawimbi yanayotanuka pande mbili. Kwenye bahari wazi yangekwenda zake. Ness ni mtaro wenye kingo zilizosimama: mawimbi hugonga ukingo, hurudi, hukutana na yale ya upande wa pili katikati ya ziwa. Yanapokutana hupandana, na juu ya maji yaliyotulia hutokea nundu mbili, tatu, tano, nyeusi kwa rangi ya maji, zikionekana kusonga kwa pamoja kama mgongo wa joka. Boti iliyoyasababisha imeshapita dakika nyingi, pengine imeshaingia nyuma ya rasi. Mtu anayesimamisha gari wakati huo anaona ziwa tupu, hakuna upepo, hakuna chombo, na nundu zinaelea. Nundu nyingi za Ness, nadhani, ni hizi. Angalia pia jinsi zinavyoonekana siku za shwari tu. Mnyama angekuwa na sababu gani ya kuchukia upepo? Wimbi la meli linayo: upepo hulifuta.

Jambo la pili ni zuri zaidi, na lilijulikana kabla dude halijazaliwa. Mwanzoni mwa karne ya 20, wakati John Murray na Laurence Pullar wakiongoza upimaji wa maziwa ya Uskoti, wanasayansi walitumbukiza vipimajoto Loch Ness na kukuta ziwa lina tabia ya beseni linalobebwa kichwani. Majira ya joto maji ya juu hupata joto kidogo, ya chini hubaki baridi, nyuzi 5 au 6 hivi, na tabaka hizo mbili hazichanganyiki. Upepo wa kusini-magharibi ukivuma siku kadhaa, husukuma maji ya juu yakarundikana upande wa kaskazini-mashariki. Upepo ukikoma, tabaka la chini huanza kubembea mbele na nyuma, kimyakimya, kila mbembeo ukichukua zaidi ya siku mbili. Juu huoni kitu, lakini mikondo inatembea. Gogo lililokuwa limelala ziwani huanza kwenda, tena huweza kwenda kinyume cha upepo. Shahidi anasema: "Halikuwa gogo, lilikuwa linaenda dhidi ya upepo." Amesema kweli kabisa kuhusu upepo. Kwa taarifa ya wavuvi wetu, Tanganyika nayo hubembea vivyo hivyo, ila kwa ukubwa wake mbembeo mmoja huchukua takribani mwezi.

Tatu ni hewa. Aliyesafiri barabara ya Dodoma mchana anayajua mazigazi: lami inang'aa mbele kama dimbwi, ukifika hamna kitu. Hayo hutokana na hewa ya moto chini na ya baridi juu. Ziwani mwezi Mei mambo hugeuka. Maji bado ni ya baridi ya msimu uliopita, hewa juu yake imeshapata joto, na mwanga unaopita karibu na maji hupinda kuelekea chini. Matokeo yake ni kwamba vitu vilivyo mbali hunyooshwa kwenda juu. Jiwe linakuwa mnara, ndege anayeogelea anakuwa shingo. Mwaka 1979 W. H. Lehn wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, alieleza jambo hili katika jarida la Science akizungumzia hasa madude ya maziwani, na alikuwa na picha za Ziwa Winnipeg kuonyesha jinsi kitu cha kawaida kinavyogeuka. Sharti lake ni kwamba mtazamaji awe chini, macho yake karibu na maji, na hewa iwe imetulia. Tunarudi tena kwenye siku za shwari.

Baada ya maji na hewa ndipo waje wanyama. Ndege wa kuzamia wakipigana au wakianza kuruka hurusha maji mengi kuliko ukubwa wao. Kulungu huvuka ziwa kwa kuogelea, kichwa na shingo vikiwa juu, pembe zikiwa zimeanguka kwa msimu. Fisi maji huogelea kwa mstari na kufanya nundu. Sili, wanyama wa baharini walao samaki, huingia kupitia Mto Ness wakifuata samoni. Mmoja alikaa ziwani miezi kadhaa mwaka 1984 na 1985 na akafuatiliwa vizuri. Hebu fikiria mtu ambaye amekaa kando ya Ness miaka 30 na hajawahi kuona sili humo, kisha asubuhi moja kichwa cheusi chenye macho makubwa kinaibuka mita 50 mbele yake. Atakuwa mkweli akiapa kwamba hicho si mnyama wa ziwa lile.

Juu ya hayo yote kuna moyo wa mtazamaji. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na aliyesoma habari za Nessie, jina la utani la dude hilo, akiona gogo husimamisha gari. Kabla ya 1933, kelele za maji kule mbali zilikuwa kelele za maji. Baada ya 1933 kulikuwa na jina lililo tayari, na kila kitu kisichoeleweka kikapachikwa jina hilo. Ndiyo maana maelezo ya mashuhuda hayaungani: mmoja ana nundu tatu, mwingine shingo, mwingine mashua iliyopinduka, mwingine vinyweleo shingoni. Wapenzi wa dude hukusanya yote na kusema ushahidi ni mwingi. Mimi naona foleni ya vitu tofauti, vyote vimepewa kitambulisho kimoja.

Nadharia mbili nitazipita haraka. Kuna iliyotolewa mwaka 2006 kwamba tembo wa sarakasi walikuwa wakiogeshwa ziwani, mkonga ukawa shingo. Inachekesha, lakini kisa cha mashuhuda wengi hivyo hakiwezi kubebwa na tembo wachache waliopita njia. Na kuna ya mwanajiolojia Luigi Piccardi, mwaka 2001, kwamba ule ufa wa ardhi ukitikisika hutoa gesi na kuvuruga maji. Mitikisiko ya kule ni midogo na ya nadra. Sioni haja ya kuita tetemeko kazini wakati boti zinapita kila siku.

Vipi kuhusu mnyama wa kale, yule plesiosauri wa kwenye fulana na vikombe, mtambaazi wa baharini mwenye shingo ndefu? Jamaa zake walitoweka miaka milioni 66 iliyopita, na Loch Ness lilikuwa limejaa barafu mpaka kama miaka 10,000 iliyopita. Mwaka 2006 Leslie Noè, mtaalamu wa Cambridge aliyechunguza mifupa ya shingo zao, alieleza kwamba mnyama huyo asingeweza kuinyanyua shingo juu ya maji kama batamaji. Pia angelazimika kuja juu kupumua mara nyingi kila siku, mbele ya kamera zote zile.

Lakini hoja inayonishawishi kuliko zote ni ya jikoni: angekula nini? Maji meusi na baridi hayazalishi sana, kwa sababu mwanga hauingii na vijimea ni haba. Vipimo vya sona, chombo kinachotuma sauti majini na kusikiliza mwangwi wake, vilikadiria samaki wa ziwa zima kuwa kama tani 20. Kwa kanuni ya kawaida ya wanyama walao wenzao, tani 20 za mawindo haziwezi kulisha zaidi ya tani mbili hivi za wawindaji. Tani mbili ni kiboko mmoja mkubwa, huyohuyo wa Wetherell akiwa na miguu yake yote. Na kizazi hakidumu kwa mnyama mmoja. Wanatakiwa wengi, wazee na vijana, wenye mizoga ya kuzama na mifupa ya kuokotwa. Ghala halitoshi hata kwa familia moja.

Watu wametafuta, tusiwasingizie uvivu. Kuanzia 1962 hadi 1972 kulikuwa na kikundi kilichokaa ufukoni na kamera kila kiangazi. Oktoba 1987 boti zaidi ya 20 zilijipanga mstari mmoja zikafagia ziwa kwa sona, na zikapata alama tatu zisizofafanulika vizuri, ambazo mwongozaji wa kazi hiyo Adrian Shine mwenyewe hakuzifanya dude. Mwaka 2003 BBC walitumia mionzi 600 ya sona na hawakupata kitu. Katikati hapo, mwaka 1975, Robert Rines wa Marekani na Sir Peter Scott walichapa katika jarida la Nature jina la kisayansi la mnyama, Nessiteras rhombopteryx, wakitegemea picha za chini ya maji zilizofifia. Mbunge mmoja wa Uskoti akagundua kwamba herufi za jina hilo zikipangwa upya kwa Kiingereza zinasomeka "dude la uongo la Sir Peter S". Bahati mbaya ya namna hiyo haimpati kila mtu.

Mwaka 2018 Neil Gemmell wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, alikuja na njia nyingine. Kila kiumbe majini huacha ngozi, kinyesi, magamba, na humo mna vinasaba. Timu yake ilichota sampuli 250 za maji, juu na kwenye vilindi, kisha ikasoma vinasaba vyote vilivyomo. Majibu yalitolewa Septemba 2019. Hakukuwa na kinasaba hata kimoja cha mtambaazi. Hakukuwa na papa wala samaki wakubwa waliokuwa wakishukiwa. Walichokuta kwa wingi, karibu kila mahali walipochota, ni vinasaba vya mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka.

Magazeti yakaruka: dude ni mkunga mkubwa! Gemmell alisema tu kwamba wingi huo hauwezi kukanusha, wala hauthibitishi. Vinasaba havipimi urefu. Vinasaba vya mikunga elfu kumi wadogo na vya mmoja mkubwa vinafanana. Mwaka 2023 Floe Foxon alikaa na takwimu za mikunga waliovuliwa na kukokotoa: uwezekano wa kukuta mkunga wa mita moja Loch Ness ni kama mmoja kati ya 50,000, na wa mita sita ni sifuri kwa maana yoyote ya maana. Mkunga wa mita moja unaweza kuwa chanzo cha visa vichache vya watu walioona kitu kama nyoka karibu na ukingo. Nundu za katikati ya ziwa hazimhusu.

Sasa Bi. Mackay. Siku ya shwari, majira ya kuchipua, kutoka ndani ya gari, kitu cha mbali kwenye maji meusi, kimechafua maji kwa muda wa dakika moja hivi. Jicho lake la kwanza lilisema bata. Nahodha wa safari 20,000 alisema samoni. Mimi naliamini jicho la kwanza na nahodha kwa pamoja, na naliamini pia neno "nyangumi", kwa maana kwamba alieleza kwa uaminifu jinsi moyo ulivyomruka. Ndege au samaki walianza vurugu, mawimbi yakaendelea baada yao, na umbali ukafuta kipimo.  Neno dude, kwa inavyosimuliwa, lilitoka mezani kwa mhariri.

Na yule Alex Campbell aliyeandika habari ile? Naye aliona, Septemba 1933, karibu na Fort Augustus: kichwa kirefu juu ya maji, kikigeuka huku na huku kwa wasiwasi, mwili wa futi 30. Akasimulia. Oktoba akawaandikia waajiri wake wa bodi ya uvuvi barua ya kusahihisha. Alikuwa amerudi mahali palepale, ukungu na mwanga vikiwa vilevile, akaliona tena, safari hii akasubiri. Ukungu ulipoinuka, dude likageuka kuwa kundi la minandi, ndege weusi wa kuzamia, waliokuwa wamekuzwa na hewa ile.

Hakuna uchunguzi bora kuliko huo katika kisa kizima: shahidi yuleyule, mahali palepale, na subira. Lakini miaka ilipopita, waandishi wakawa wanamfuata nyumbani, na mzee Campbell akawa mtu mashuhuri wa ziwa, aliyeliona dude zaidi ya mara 15 kwa hesabu yake mwenyewe. Miongoni mwa hizo alikisimulia tena kile kisa cha kichwa kirefu kinachogeuka huku na huku, futi zilezile 30, akakisogeza hadi mwaka 1934. Minandi hawakutajwa tena.